Evance anafanya kazi ya nyuki aliowaua

Saa moja na nusu asubuhi, Evance Kobelo yuko mstari wa nne wa shamba lake la pasheni, kwenye mteremko wa Mgeta, Milima ya Uluguru. Mkononi ana unyoya wa kuku. Anaugusisha kwenye chavua ya ua moja, anaupeleka katikati ya ua la pili, anahamia la tatu.

Maua ya pasheni hizi hufunguka alfajiri. Ikikaribia saa sita mchana yanajikunja, na mengi ambayo hayakuguswa huanguka bila kuacha tunda. Evance ana mistari kumi na moja. Siku akijitahidi hufikia maua mia nne.

"Kazi hii ilikuwa ya nyuki," anasema bila kuinua macho. "Walikuwa wanaifanya hata nikiwa nimelala."

Evance, mwenye miaka 42, hakuanza na pasheni. Kwa miaka sita alikuwa mpiga dawa wa kukodiwa. Alibeba mgongoni bomba la lita ishirini, akazunguka mashamba ya maharage na nyanya ya majirani kwa shilingi elfu mbili kila bomba.

Alisifiwa kwa kuwahi. Huku juu ukungu hushuka mchana, mara nyingi na mvua, na dawa iliyopigwa jioni huoshwa kabla haijakauka. Kwa hiyo alipiga asubuhi, jua linapochomoza vizuri.

Hiyo ndiyo saa ambayo nyuki wako kwenye maua.

Asubuhi moja ya mwaka 2022 alipiga dawa shamba la maharage yaliyochanua. Kesho yake aliitwa na mjomba wake, mzee Kasimiri, aliyekuwa na mizinga tisa kando ya msitu. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na shamba analolima Evance alipewa na mjomba huyo. Alikuta nyuki wamelala chini ya mizinga kama pumba zilizomwagika.

"Nilichukua ufagio nikamsaidia kuwazoa," anasema. "Mjomba akaniuliza, 'Hiki ni nini, mpwa wangu?' Shati langu lilikuwa bado linanuka dawa. Nikasema, moshi."

Wiki ile jirani yao, Thobias, alikuwa amechoma majani shambani kwake. Mzee Kasimiri hakuuliza zaidi. Tangu siku hiyo hakuitikia tena salamu ya Thobias, na kwenye shughuli za nyumbani kwake hakumwita.

Evance alijua kwamba moshi huwafukuza nyuki, hauwaui kwa mafungu mlangoni. Alinyamaza.

Kilichomsumbua mwishowe ni shamba lenyewe. Aliacha bomba, akapanda pasheni. Msimu wa kwanza maua yalijaa kwenye waya, lakini matunda hayakutimia ndoo moja. Akamwita Hosiana, afisa ugani wa kata. Hosiana hakufukua mizizi. Alikaa kwenye jiwe nusu saa nzima akitazama maua.

"Nikamuuliza, kaka, nyuki wa hapa wanakaa wapi? Akanionyesha bomba lake la dawa," anasema Hosiana. "Nikamweleza kwamba ua linamlisha nyuki, na nyuki analibebea ua chavua. Ukimwondoa mmoja, wa pili naye anakwisha. Nikamwambia dawa ile inaua hata wadudu wanaokula vidukari wanaofyonza mimea, ndiyo maana vidukari hurudi wengi kuliko mwanzo. Akakaa chini, akafunika uso."

Wiki mbili zilizopita Evance alipanda kwa mjomba wake, akasema yote.

"Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, 'Mimi nimemnyima mtu salamu miaka mitatu kwa neno lako. Nenda ukamwambie lako. Langu nitamwambia mwenyewe.' Nikajibu, nitakwenda kesho." Evance anageuza unyoya. "Hiyo kesho imefika siku ya kumi na nne."

Saa tatu, Thobias anatokea kwenye njia ya juu, kiroba cha karoti kichwani, akishuka barabarani kungoja gari la Morogoro.

"Bwana maua, habari za asubuhi? Leo umetungisha mimba ngapi?"

Kwa kawaida Evance hucheka. Leo anasema, "Thobias, tua mzigo kidogo."

Anaeleza akiwa amesimama: maharage, dawa, ufagio, lile neno moja. Haichukui dakika mbili.

Thobias anatazama karoti zake. "Mjomba wako anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Kwa hiyo juzi nilipompa shikamoo akageukia ukuta, alikuwa anajua."

"Alikuwa anaona aibu. Kama mimi."

"Aibu yenu mimi ndiye nimeibeba."

Evance ananyoosha mikono amsaidie kujitwika. Thobias anaisogeza pembeni, anajitwika peke yake. Baada ya hatua chache anasimama, bila kugeuka. "Kesho napita saa hii hii. Na yeye awepo hapa."

Mistari saba haijaguswa, na maua yake bado yako wazi. Kwa mzee Kasimiri ni mwendo wa saa moja na nusu kupanda. Evance anachomeka unyoya kwenye waya.

"Natamani mzinga mmoja kabla ya masika," anasema, akifunga kamba za viatu. "Lakini siwezi kumwomba mjomba nyuki waliobaki wakati Thobias hajaitikiwa salamu."

Anayatazama maua ya mstari wa tano.

"Haya ya leo yataanguka. Kesho yatafunguka mengine." Kisha anashika njia ya mlimani.