Kitambaa cha Sukari

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya hamsini, tulikaa kambi ya wafanyakazi katika shamba la pareto juu ya Elburgon, nami nililala nimefunika mdomo kwa mkono. Kogo, mama yake baba, alikuwa ametuambia kwamba mdudu wa meno hutoka usiku kwenye nyasi za paa, akinusa utamu. Kila jioni alitusugua ufizi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, tukiguna.

Mama alikuwa amebatizwa, kwa hiyo maneno hayo aliyaita upuuzi. Tena alikuwa na taabu yake. Nyapara hakutaka kusikia mtoto akilia kati ya mistari ya pareto, na aliyesimama kunyonyesha alifutiwa siku, asilipwe. Basi wanawake walifunga sukari ndani ya kitambaa, wakampa mtoto afyonze huko mgongoni. Ndugu yangu Kiprono alikua nacho mdomoni, hata usingizini.

Meno yake yalitoka meupe, yakageuka kahawia, yakamegeka. Akakataa hata uji. Kambi nzima ikasema ni kosa la mama. Hakuna aliyemtaja nyapara, na jambo hilo linanichoma mpaka leo. Mama, mbatizwa wetu, akawa anachungulia mdomo wa Kiprono kwa taa, akimtafuta mdudu.

Alipozaliwa mdogo wetu Chelangat, siku ya mama kurudi kazini Kogo alimzuia mlangoni, mkono ameunyosha.

"Mama Chebet," akamwita kwa jina langu, "leta hicho kitambaa."

"Na akilia?"

"Wacha alie. Nyapara meno yake anayo."

Mama akakitoa. Jua lilipopanda Chelangat alilia, na nyapara akaja. Nilikuwepo, nimeshika kikapu. Mama aliketi juu ya gunia, akanyonyesha huku akimtazama usoni. Siku ikafutwa. Kesho yake aliketi tena, peke yake. Wengine waliinama wakachuma.

Meno ya Chelangat yalitoka, yakakaa.

Wenzangu ninaofundisha nao chuoni hucheka nikiwasimulia habari za mdudu. Nacheka nao, halafu nakasirika. Mdudu hayuko, hilo sibishi. Lakini kambini mle yeye tu ndiye aliyeogopwa kuliko nyapara, na kama Kogo angesema ukweli mtupu, kwamba sukari huozesha meno, sijui kama mama angethubutu kuketi. Nimejadiliana na nafsi yangu pande zote mbili, kama hofu ile ya mdudu ilikuwa ya heri au la, na sijashinda bado.