Mgongo Wangu na Ushirika wa Naguru

Mwezi wa pili niliwaaga wenzangu wa kanisani hapa Mwanza kwamba naenda Kampala kutibiwa mgongo. Mgongo wangu ulikuwa mzima kabisa. Nilikuwa naenda kumkagua Okello, askari polisi aliyetaka kumwoa binti yangu Neema, ambaye ni muuguzi huko. Neema alikuwa amesema wazi kuwa bila baraka zangu haolewi. Lakini mzee wa kanisa atasimamaje hadharani kusema anaushuku uchaguzi wa binti yake? Jirani yangu Mama Sabina alinisindikiza hadi stendi, akanipa chupa yake ya dawa ya kuchua. Nikapanda basi nimejikunja, naguna.

Mutukula, mpakani, asubuhi ya pili. Afisa uhamiaji akaniuliza naenda kufanya nini.

"Kumwona mchumba wa binti yangu," nikajibu papo hapo.

Mtu nisiyemjua nimemwambia ukweli, na Mama Sabina nimemdanganya. Jambo hilo lilinikereketa hadi Lukaya, ambako wauzaji walituinulia mishikaki na ndizi za kuchoma madirishani, nikalisahau.

Kampala, saa tisa alasiri. Neema alinipokea kituo cha mabasi cha Nakivubo, katikati ya kelele za teksi, tukapanda bodaboda mbili hadi kwake, kilimani Naguru.

"Okello yuko wapi?"

"Amenipigia simu, Baba. Anasema yuko kazini."

Jioni Okello alipofika nilimsifu sana kwa kuiheshimu kazi yake. Akainamisha kichwa. Nikadhani ni adabu.

Ijumaa jioni walinipeleka kwenye ushirika wao wa maombi, nyumbani kwa Mama Ruth, mjane wa askari. Viatu vilijaa mlangoni. Kwetu usafi wa roho tunauvalia uso wa msibani. Hawa walikuwa wanaimba, wanapiga makofi, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nilikaa nimenuna. Kisha Okello akasimama.

"Baba, mimi nataka kusema kweli. Siku ile ulifika, sikuwa kazini. Nilikuwa hapa kwa Mama Ruth, nakunywa chai. Nilikuwa naogopa wewe. Halafu ukanisifu, na mimi nikanyamaza. Nisamehe."

Damu ilinichemka. Neema alikuwa ameinama, anaviminya vidole vyake. Alijua neno langu moja tu lingetosha kuvunja kila kitu. Nami nikasimama nikiwa na neno hilo mdomoni.

Halikutoka. Kijana huyu alikuwa ameshanipata. Angenyamaza tu, ndoa ingekuwa yake, na uongo wake nisingeujua milele. Amechagua kuwa safi mbele ya mtu pekee anayeweza kumnyima mke. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

"Nimekusamehe," nikasema. "Na mimi kwetu nimeaga kwamba naumwa mgongo. Siumwi."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, wakaanza kuimba. Mama Ruth akanishika mikono miwili.

"Webale kusema, ssebo, asante bwana. Lakini hiyo, peleka kwa wenyewe, kule kwenu."

"Na sisi, Baba?" Neema akauliza.

"Pangeni siku."

Alinikumbatia kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, na Okello akalia bila kujificha.

Mwanza, Jumapili iliyofuata. Basini nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu njia nzima. Nilisimama mbele ya kanisa nikaeleza yote. Hakuna aliyecheka. Watu walitazama sakafu, na mchungaji akafunuafunua kitabu chake. Nilikuwa nimejifunza kwamba furaha ya watu wa Naguru inatokana na kutoficha kitu; sasa nikaanza kuhofia kwamba huku kwetu haioti.

Mama Sabina akainuka taratibu kutoka benchi la nyuma, ameshika kiuno.

"Basi, Mzee, nirudishie chupa yangu," akasema. "Mgongo unaouma ni wangu."

Akaangua kicheko yeye mwenyewe, na kanisa zima likamfuata.