Gemu ya Magari Kwenye Kompyuta ya Kanisa

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na kwaya. Jumapili moja niliwafokea vijana wa kanisa letu hapa Kibwezi: atakayeweka gemu kwenye kompyuta ya kanisa hataigusa tena. Mimi ndiye huitunza.

Jumamosi iliyofuata nikajifungia kwenye chumba cha mitambo kupanga nyimbo za ibada. Mfukoni nilikuwa na flashi yenye gemu ya magari niliyocheza nikiwa sekondari. Kompyuta ikaikataa, eti ni ya zamani mno. Mimi, mama wa watoto wawili, nikataliwe na kompyuta? Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiambia ijifanye kompyuta ya miaka ile. Ikagoma mara nne. Nikaitukana kimoyomoyo, nikajaribu tena. Ikafunguka! Nikakanyaga mafuta.

Ukumbini, kina mama wa kwaya walikuwa mazoezini, lakini badala ya kuimba walikuwa wakicheka. Kila nikikata kona, vigelegele. Hasira zikanipanda, nikatoka mbio.

"Kina mama, tafadhali! Wengine tuko kazini!"

Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wamegeukia ukuta, ambako projekta niliyoiwasha asubuhi ilionyesha gari langu jekundu likiwa limepinduka mtaroni, na juu yake jina nililojipa: MALKIA WA KIBWEZI.

"Aiya, Mama Mwende!" mke wa mchungaji akanisukuma mlangoni. "Unasimama hapa kufanya nini? Rudi haraka, yule wa bluu anakupita!"