Kitambaa Ambacho Ofisa Hakukipokea

Mwaka 2014 nilikuwa nauza vitenge Kasulu. Duka lilikuwa dogo, hivyo nilivipiga picha nikavitangaza mtandaoni. Ofisa mmoja wa serikali, aliyehamishiwa Kibondo kutoka mkoa mwingine, akaagiza doti mbili. Alilipa kwa simu. Nilihakikisha salio limeongezeka, ndipo nikamkabidhi kondakta wa basi mzigo.

Kesho yake pesa ile ikazuiwa. Kampuni ya simu iliniambia kwamba mteja amedai alikosea namba, na mpaka tuelewane haitoki. Nilimpigia. Kwa sauti laini ya mtu aliyezoea kusubiriwa, akanijibu kuwa hajapokea mzigo wowote na kwamba sisi wafanyabiashara wa mtandaoni tuna matatizo.

Nikapanda basi kwenda Kibondo.

Alinikaribisha ofisini vizuri sana. Suti, tai, kalamu mbili mfukoni. Akaniita mama, akanipa kiti, akanishauri mbele ya watu waliokuwa wakingoja huduma kwamba siku nyingine niwe mwangalifu na makondakta. Nilimshukuru, nikatoka.

Sikwenda stendi. Nilikwenda sokoni, kwa mafundi cherehani. Wa pili niliyemsalimia alikuwa na kitenge changu mezani, tayari kimekatwa. Nikakisifia, nikauliza ni cha nani. Akamtaja mke wa ofisa bila wasiwasi, akaongeza kwamba bado hajaambiwa mikono iweje.

Nilirudi ofisini. Watu walikuwa bado kwenye benchi. Sikupandisha sauti.

"Kile kitambaa ambacho hujakipokea kinashonwa sokoni," nikamwambia. "Fundi anauliza, mikono iwe mirefu au mifupi?"

Mzee mmoja kwenye benchi akakohoa ili asicheke. Ofisa akanitoa nje, akapiga simu kampuni ileile, na pesa ikaachiwa nikiwa nimesimama palepale. Alisema alisahau. Halafu, bila haya, akaniomba nimpunguzie kidogo kwa usumbufu.

Nikaondoka zangu. Akanifuata hadi barabarani akinisihi nisimwambie mkewe. Sikuwa na neno na mkewe; maskini yule alikuwa anashonewa wizi bila kujua. Nilimtazama mumewe na tai yake, nikaona kibaka wa sokoni ana nafuu. Kibaka akishaiba hukimbia. Huyu hukaa kitini, akakupa ushauri.