Siku Niliyotawadha Mtoni Mbele ya Mtaalamu wa Maji

Mkasa huu watu wa Mtoni wanaujua wote, ila wanausimulia kwa chumvi, kwa hiyo afadhali aibu yangu niieleze mwenyewe. Mie shule niliiacha darasa la nne, lakini bustani ya mboga pale ukingoni mwa mto niliianza kwa jembe moja tu, na miaka ile ya Ujamaa wakulima wenzangu wa bondeni wakanichagua niwe msemaji wao (na hawakukosea, mchicha wangu ulikuwa na majani mapana kama sinia).

Basi mto ukageuka kijani, ukafanya utando mzito unavutika kama mlenda, samaki wakaelea matumbo juu, malalamiko yakafika serikalini, akaja binti mmoja mtaalamu wa maji na chupa zake. Tulijua wazi: akisema ubaya unatoka bustanini, tunahamishwa.

"Shikamoo mzee," akasema. "Utando huu mmeanza kuuona lini?"

"Marahaba mwanangu. Utando si kitu. Maji haya safi, mie hutawadha humuhumu."

Hapo ningenyamaza. Lakini kina mama waliokuwa wakifua walikuwa wananitazama, na adhuhuri imekaribia, nikakunja suruali, nikashuka, nikatawadha kwa madaha, nikasukutua, nikapandisha puani, nikaosha uso mpaka ndevu zikaota majani. Mzee Sefu, muadhini wetu, akaafiki kwamba kijani kinachoota chenyewe majini hakiharibu udhu. Nikajiona nimeshinda kesi.

Binti hakubishana. Alijaza chupa zake, kisha akauliza kwa upole, "Mboga zenu zimestawi sana mzee, mnatumia nini?"

Jamani, mtu anisifie mboga! Nikamweleza yote, ndevu bado zinachuruzika: samadi ya ng'ombe, mikokoteni kwa mikokoteni, naimwaga kabla ya mvua, bonde zima hakuna anayemwaga kama mie, na mvua ikipiga inateremka yenyewe mpaka matuta ya chini.

"Na ikishapita matuta ya chini?"

"Inaingia mtoni," nikajibu, kifua mbele.

"Basi ndiyo inayolisha huu utando, mzee. Utando ukifa unaoza, samaki wanakosa hewa."

Hapo jirani yangu Mama Zuhura akasimama na kanga aliyokuwa akiikamua.

"Ati nini? Baba Hamisi, siku zote hizi tunatawadhia mavi ya ng'ombe?"

"Si mengi," nikasema (na watoto wa mtaani wakanipa jina hilo hilo, Mzee Si Mengi).

"Kama si mengi, sukutua tena tukuone!"

Walicheka mpaka nguo zikawaponyoka mtoni. Nikamgeukia Mzee Sefu aniokoe. Akazitazama ndevu zangu, akasogea hatua nyuma.

"Majani nilikuachia, Baba Hamisi. Haya mengine nenda kaoge kisimani, na msikitini usije na shati hilo."

Tukahamishiwa juu, mbali na maji. Wenzangu hawakunigombeza, walichagua tu msemaji mwingine, bwana mmoja mpole ambaye hata salamu huijibu kwa kichwa. Mchicha wangu bado hauna mpinzani, hilo nalisema mchana kweupe, samadi siku hizi naifukia shimoni. Ila nimeapa: mgeni akiusifia namwambia alhamdulillahi, kisha naingia zangu ndani, na akiuliza natumia nini, mke wangu ndiye anayejibu.