Eda Yangu, Rufaa ya Ndugu Yangu

Mimi ndiye niliyepiga ukelele. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana kortini sikulisema, na shahidi wa ndugu yangu nilikuwa mimi peke yangu.

Tulikuwa tukikaa Ngomeni, mimi na mume wangu, na ndugu yangu mdogo alikuwa na chumba chake uani kwetu. Ni kitinda mimba wetu, mama alimwacha angali ananyonya, nikamlea mimi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za boti. Ua mzima umejaa mashine za watu, nyingine zimefumuliwa hadi skrubu ya mwisho, petroli inanuka mpaka kwenye unga wangu wa mahamri. Nilikuwa nikimgombeza kila asubuhi, naye ananicheka tu. Kisha wezi wakaruka ua alfajiri moja, wakabeba mashine mbili, na alipotoka wakampiga nondo begani. Tangu hapo akawa analala na panga mvunguni.

Haikupita miezi miwili. Mume wangu alikuwa bado hajarudi msikitini. Nilikuwa nimetoka kuswali, nachochea moto wa mahamri, kumepambazuka kiasi cha kuona mtu lakini si sura yake. Nikaona wanaume wawili wanaruka ua wa makuti. Fulana, suruali za jinzi, raba miguuni. Hawakupiga hodi, hawakusema neno. Wallahi hawakusema neno. Nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu: "Wezi! Wezi wa mashine hao!"

Ndugu yangu akachomoka na panga, akamkata wa mbele shingoni. Wa pili akatoa bastola, akapiga hewani, na ndipo nilipolisikia neno polisi kwa mara ya kwanza. Kumbe walikuwa askari kanzu. Walikuja kumkamata ndugu yangu kwa sababu ya mashine moja ya wizi, ambayo mteja aliileta kutengenezwa kama mashine nyingine yoyote. Panga likamwanguka mkononi, akakaa chini kwenye mchanga, akanyoosha mikono mwenyewe afungwe pingu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nimemshindilia yule majeruhi kanga yangu shingoni. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zake amezichonga vizuri. Alinishika mkono, kisha akauachilia. Sikuwahi kumchukia mtu yule, hata siku moja.

Ndugu yangu akashtakiwa kwa mauaji ya kukusudia. Hakuna aliyebisha kwamba ameua. Kilichogombewa ni kimoja tu: alijua anamkata polisi, au alidhani anamkata mwizi? Yule askari aliyebaki alisema walipiga hodi na wakajitambulisha. Majirani walitoka baada ya mlio wa bastola, hawakusikia cha kabla yake. Kwa hiyo maisha ya ndugu yangu yalikuwa mdomoni mwangu, na mdomo wangu, kama mnavyousikia, haujawahi kuwa mzito.

Lakini kabla ya kesi kusikizwa kulikuwa na maombi ya dhamana, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mjane wa marehemu alifika kortini. Ni watu wa visiwani huko kaskazini, waliohamia Mambrui, watu wa dini na heshima zao. Alikuwa bado edani. Miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani haijafika hata nusu, naye huyo, amevaa nyeupe, kashikwa mkono na mama yake, anamwambia jaji kwamba anaogopa ndugu yangu akiachiwa. Alisema maneno machache, akainama, akatoka. Dhamana ikakataliwa.

Nilipandwa na hasira, na hasira yangu hutafuta pa kutokea. Nje ya korti, mbele ya shangazi yangu na wanawake wote tuliokuja nao, nikasema kwa sauti: "Ala! Ama kweli dunia imekwisha. Mume hajapoa kaburini, mwenzetu ashavaa viatu kuja mjini!" Wanawake wakacheka. Shangazi alijishika mbavu. Yule mjane alikuwa anapita, hatua tatu kutoka nilipo, na najua alisikia kwa sababu alisimama kidogo ndipo akaenda. Nilivyorudi Ngomeni nikalisimulia hilo nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nilivunja watu mbavu.

Kesi ikaburuzwa mwaka na zaidi. Mashahidi wa serikali walipomaliza, sukari ikamchukua mume wangu. Nikaoshwa, nikavikwa nyeupe, nikakalishwa eda. Wiki ya sita wakili wa ndugu yangu akanipigia simu. Alikuwa kijana wa bara, aliyewekwa na serikali, mwenye haraka zake.

"Mama, Alhamisi ni siku yetu ya kujitetea. Jaji ameshaahirisha mara mbili, hataahirisha tena. Uje hata kwa saa moja."

"Niko eda," nikamwambia.

"Eda ni nini?"

Nikaudhika. Mtu anatetea watu pwani nzima, hajui eda ni nini! Badala ya kumweleza, ili naye akamweleze jaji, nikamkatia simu. Akapiga tena, shangazi akaipokea yeye, akamwambia naumwa, sijiwezi, kisha akaizima.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala. Nilijua ninachotakiwa kusema, ni maneno kumi tu. Lakini kila nikiwaza kuvaa viatu, nawaona wale wanawake wananitazama natoka mlangoni, na kicheko chao nakijua, nilikifundisha mimi. Shangazi alisema eda haivunjwi na yeye hataki fedheha. Nikajificha nyuma ya maneno yake. Nisingizie dini? Dini haikuwemo. Nilimwuliza sheikh wa mtaani baadaye, nilipokwisha toka eda, akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, kwa dharura kama hiyo ungetoka mchana ukarudi kulala kwako. Mbona hukutuma mtu kuniuliza?" Sikutuma kwa sababu niliogopa atanijibu hivyo.

Ndugu yangu alipanda kizimbani peke yake. Alisema: dada yangu alipiga kelele za wezi. Jaji katika hukumu yake akaandika kwamba dada huyo yuko hai, anajulikana anakokaa, na upande wa utetezi haukumleta. Ndugu yangu akapewa miaka thelathini. Shangazi alikwenda kumwona gerezani akamwambia nililazwa, nilikuwa kama maiti kwa msiba. Na mimi nilipokwenda sikumkanusha shangazi. Nilimpa sabuni na mswaki, tukaongea habari za mashine.

Tukakata rufaa. Safari hii tulipata wakili mwanamke, mtu mzima, mtulivu. Nilimweleza kila kitu, naye akaniandikisha hati ya kiapo, akaomba majaji wakubali ushahidi wangu japo umechelewa. Shabaha yetu ilikuwa ndogo: iwe kuua bila kukusudia, miaka ipunguzwe, atoke angali na meno.

Siku ya kusikizwa majaji walikuwa watatu. Wakili wetu alizungumza vizuri, akaeleza eda ni kitu gani na kwa nini sikuweza kutoka. Nikamwona jaji wa kati anaitikia kwa kichwa taratibu, na moyo wangu ukaanza kupata joto. Kisha wakili wa serikali akainuka. Hakupaza sauti. Alifungua faili, akasoma kumbukumbu za siku ya dhamana: mjane wa marehemu amefika mahakamani, yuko katika eda, amesema atarejea nyumbani mara moja. Akafunga faili. "Waheshimiwa, mjane mmoja aliweza."

Yule mjane alikuwa benchi la mbele yangu. Hakugeuka. Laiti angegeuka akanicheka, ningepata pa kushika. Aliyegeuka ni ndugu yangu. Alinitazama kutoka kizimbani, si kwa chuki, bali kama mtu anayepiga hesabu na kuirudia, kwa sababu hadi asubuhi ile alijua nililazwa; hati yangu ya kiapo hakuna aliyemsomea.

Hukumu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ushahidi uliokuwapo tangu mwanzo hauwezi kuitwa mpya, walisema, na kisingizio hakitoshi. Rufaa ikatupwa na ile miaka ikabaki palepale.

Kabla hawajampakia kwenye gari, askari jela mmoja mwenye utu aliniruhusu nimfikie kwenye dirisha la mahabusu ya korti. Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu," maana ndivyo nilivyokuwa nikimwita utotoni.

"Hukulazwa?"

"Sikulazwa."

"Ulikuwa nyumbani?"

"Nilikuwa nyumbani."

"Siku ile nakutaja kizimbani, kila mlango ukilia nilitazama nyuma," akasema. "Nilijua uko njiani tu, umekosa gari."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi nimletee mahamri.

"Usije, dada. Kaa nyumbani. Kukaa nyumbani umekuzoea."

Nimekwenda Jumamosi ile, na nyingine mbili baada yake. Nafika asubuhi, naandikisha jina lake na langu, napekuliwa, nakaa kwenye benchi la wageni na bakuli langu mapajani. Wenzangu wanaitwa mmoja mmoja. Kwangu mimi huja askari wa zamu, tena kwa adabu, hanitazami usoni: "Mama, tumemwita. Amekataa kutoka."