Nilivyotaka Kanisa Linunue Projekta Mpya

Mie ni mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Boko. Siku hizi nimekuwa nikikosea maneno ya nyimbo yanayooneshwa ukutani, nikailaumu projekta. Kwenye kikao cha kamati nikasimama na kudai tununue mpya, ya bei mbaya, hata kama paa linalovuja litasubiri.

Mchungaji akaiwasha tuione.

"Si mnauona huo ukungu?" nikauliza.

Wajumbe wakatazamana. Mama mchungaji, aliyekaa kando yangu, akavua miwani yake akanivalisha.

"Haya soma, mwalimu."

Nikasoma ubeti mzima bila kukwama. Kikao kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka kuwashinda, maana kimoyomoyo nilishaanza kuogopa kwamba napofuka kama marehemu baba.